Nilimpa Daktari Salamu

Uvumi wenyewe uliletwa mpaka mlangoni kwangu, nikiwa na futi ya kupimia shingoni na pini mdomoni, kwa hiyo hata nafasi ya kumnyamazisha aliyeuleta sikuipata.

Jirani yangu huyo tunamwita Redio, na akiitwa hivyo anaitika. Alikuja na sketi nimtanulie kiuno. Kabla hajaitoa kwenye mfuko akaona bandeji chini ya mtulinga wangu, akajishika mdomo.

"Mama Fundi! Kumbe na wewe umewekewa?"

Nikaitikia kwa kichwa. Pini.

"Maskini mwenzangu. Hawakukwambia? Wale watu wa utafiti wana rimoti. Siku utafiti ukiisha, au wakiona mashine zao hazina maana, wanabonyeza mara moja tu, zote zinazima. Na moyo unazima hapohapo, maana umeshazoea kusukumwa."

Nikatema pini kwenye kiganja. "Nani kasema?"

"Kuna mtu shemeji yake anafagia hospitali ileile."

"Mtu gani?"

"Sasa wewe unataka mtu au unataka habari?"

Nilicheka. Nikampima kiuno, akavuta tumbo ndani kama kawaida yake. Nikamwambia aliachie, akasema ameliachia. Nikamwambia, Redio, ukikaa chini na kipimo hiki kifungo kitaruka kimtoe mtu jicho. Akasema nishone nilichopima. Basi nikaandika nilichopima, naye akaenda zake. Yeye alikwenda, neno lake likabaki. Lilikaa kwenye kiti cha wateja, likanitazama nikishona, na nilipofunga duka likanifuata nyumbani.

Mimi ni fundi cherehani. Nashona sare za shule, na kwenye sketi za marinda sijapata mpinzani mtaani kwetu, hilo nalisema bila haya. Shule yangu ni ya msingi tu, lakini niliimaliza, na hesabu za kuzidisha ninazo kichwani mpaka leo. Kumbukeni hilo, maana litanitia aibu huko mbele. Watoto wangu wakubwa wametawanyika na maisha yao. Aliyebaki nami ni kitinda mimba wangu, binti mkubwa tu, tunashona pamoja: yeye anatia vifungo na pindo, mimi nakata na kukanyaga cherehani.

Moyo wangu ulianza visa vyake polepole. Nikipanda ngazi nachoka, nikilala chali nakosa pumzi. Daktari wa moyo akanipiga picha, akasema moyo umetanuka, hausukumi damu inavyotakiwa, ndiyo maana maji yanabaki miguuni na kwenye mapafu. Akasema ugonjwa huo ni moyo kushindwa kazi. Nilichukia jina hilo papo hapo. Mimi sijawahi kushindwa kazi. Niliwahi kumaliza sare za darasa zima nina homa, leo niambiwe kilichoshindwa kazi ni moyo?

Nilimeza vidonge, nikapata nafuu, nafuu ikagoma kuendelea. Ndipo daktari akaniita chumbani kwake na kuniambia kuna mashine mpya inajaribiwa. Ndogo, kama kifungo cha koti. Inafichwa chini ya ngozi, karibu na mtulinga, na waya wake unapanda shingoni kwenye mshipa wa fahamu unaoambia moyo utulie. Haijulikani bado kama inasaidia. Ndiyo maana wanafanya utafiti.

Alieleza kwa utaratibu, tena kwa heshima, kiti chake amekivuta karibu na changu. Nami nilisikiliza kwa makini sana mpaka pale macho yangu yalipotua kwenye shati lake. Shati jeupe, safi, limepigwa pasi vizuri, lakini kifungo cha tatu kimeshonewa uzi wa bluu. Bluu! Kwenye shati jeupe! Nikajiuliza ni nani aliyefanya unyama ule. Mke? Yeye mwenyewe? Nikaanza kukifumua kile kifungo kichwani mwangu na kukishona upya. Nilipomaliza, daktari naye alikuwa anamaliza. Alikuwa ameeleza utafiti utaishaje, na baada ya hapo mashine itafanywa nini. Sehemu hiyo yote mimi nilikuwa kwenye kifungo.

"Sasa Mama, hebu niambie kwa maneno yako mwenyewe ulichoelewa."

Nikajinyoosha kwenye kiti, kama mwanafunzi aliyetembelewa na mkaguzi. Nikamwambia mashine zote zitawekwa kwenye miili, ila nusu zitakuwa macho na nusu zitakuwa zimelala. Kompyuta ndiyo inachagua. Mimi sitajua yangu ni ipi, wala yeye daktari hatajua, wala nesi. Na nitapigiwa simu kila wiki niulizwe hali. Nilitiririka vizuri mno. Daktari akafurahi, akauliza kama nina swali.

"Sina, daktari. Nimeelewa yote."

Swali nilikuwa nalo: nani alimshonea kile kifungo. Nililimeza kwa adabu.

Nikawekewa. Kidonda kikaanza kupona chini ya bandeji. Nikaambiwa nisisogeze sumaku karibu na kifua, kwa hiyo ile sumaku yangu ya kuokotea pini sakafuni nikampa binti yangu, nikawa nainama na kuokota kwa mkono. Mizani ya kujipimia nikapewa. Kisha Redio akaja na sketi yake.

Sasa nieleze jinsi akili ya mama mwenye hofu inavyofanya kazi, maana watu hudhani tunatenda bila kufikiri. Tunafikiri. Shida ni kwamba tunafikiri sana, tena peke yetu. Mimi nilifikiri hivi: nikisema hali ni mbaya, nesi ataandika kwamba mbaya. Wakiona mbaya nyingi, watasema mashine hazifai. Wakisema hazifai, rimoti. Kwa hiyo kuanzia siku ile, usalama wa kila mtu mwenye kidude kile kifuani ulikuwa mikononi mwangu. Nilijiona shujaa. Hata kutembea nilibadilisha, nikawa natembea kama mtu aliyebeba siri ya taifa, ingawa kwa kweli nilikuwa natembea hivyo kwa sababu viatu vilikuwa vinabana.

Nesi wa utafiti alikuwa na sauti ya upole, kijana wa kike mwenye kuuliza hali kana kwamba anauliza nyumbani kwao.

"Shikamoo Mama. Habari za leo?"

"Marahaba mwanangu. Nzuri."

"Miguu inaendeleaje?"

"Mizima tu."

"Na pumzi?"

"Tunamshukuru Mungu."

"Usingizi je?"

"Nalala kama mtoto."

Hapo niwe mkweli: hata bila ya Redio na rimoti yake, sidhani kama ningejibu vingine. Mtu anakuamkia kwa heshima, anakuuliza habari, wewe umwambie mbaya? Nimelelewa hivyo. Kwetu mtu anaulizwa hali akiwa juu ya machela na anajibu nzuri tu, halafu ndiyo anazimia. Ukiniuliza habari, mdomo wangu unajibu kabla mimi sijafika.

Ila kulala kama mtoto, hilo halikuwa uongo mtupu. Nilikuwa nalala nimewekewa mito mgongoni, nimekaa, nikishtuka kila mara na kulia kidogo.

Siku za kliniki tulikuwa tunakaa kwenye benchi moja refu, sisi wa utafiti, na pale alikuwepo dereva mstaafu wa malori. Nilimpachika jina la Malalamiko. Yule mzee hakubakiza kiungo. Ukikaa naye anakuambia kisigino, anapanda goti, anapita nyonga, akifika kwenye ini wewe umeshaitwa ndani na kurudi. Akiulizwa habari ya asubuhi, anaanza na usiku.

"Kifundo cha mguu wa kushoto leo kimeamka kinene kuliko cha kulia," aliniambia siku moja, akakitoa nikione.

"Pole, mzee wangu. Jikaze."

"Nijikaze kwa ajili ya nani? Nimekuja hospitali."

Nilimwonea aibu kwa niaba yake. Mwanaume mzima, ndevu nyeupe, anamwonyesha mwanamke asiyemjua kifundo! Tena moyoni nilimkasirikia: huyu ndiye atakayetuzimisha wote. Nikaamua kwamba kwa kila kulalamika kwake, mimi nitaongeza nzuri moja ili kusawazisha.

Tatizo likawa mizani. Mizani haina adabu. Unaweza kuiamkia vipi? Maji yanapoongezeka mwilini uzito unapanda, na mizani ile ilikuwa inapanda kila nikikanyaga. Nami nilitakiwa kumsomea nesi nilichokiona. Uongo mtupu sipendi, mimi ni mtu wa dini. Basi nikagundua kwamba nikisimama juu yake huku nimeegemeza kiganja kwenye meza ya kukatia, kidogo tu, namba inashuka. Nikiegemeza na kiwiko, inashuka zaidi. Nikawa namsomea nesi kile nilichokiona kwa macho yangu mawili. Sikudanganya! Mezani palikuwa na kiwiko, lakini nesi hakuniuliza habari za kiwiko.

Binti yangu alinikuta siku moja nimeegemea vile.

"Mama, unafanya nini?"

"Napima."

"Unapima meza?"

"Nenda katie vifungo."

Na matokeo ya werevu wangu yakaja. Nesi akapiga akisema daktari ameangalia uzito unavyoshuka, ameona maendeleo mazuri, na ameogopa nisije nikakauka sana. Kwa hiyo vidonge vya kutoa maji nipunguze, nimeze nusu.

Mtu mwenye akili angesema hapo hapana. Mimi nilisema, "Asante sana mwanangu, Mungu awabariki," nikakata kidonge kwa mkasi wa nguo.

Nini kilifuata? Zamu yangu ya kliniki ilikuwa bado mbali. Miguu ilijaa mpaka ikabidi nivae kandambili za marehemu baba watoto, na hizo nazo zikaanza kuniacha alama. Ukibonyeza goko la mguu wangu kwa kidole, shimo linabaki pale kama kwenye unga uliokandwa. Nikiinama kuokota pini naona giza, nikawa naziacha sakafuni, mpaka mteja mmoja akatoka dukani anachechemea. Na cherehani yangu ni ya kukanyaga. Ilikuwa msimu wa kufungua shule, marinda yamenijaa mpaka kwenye dirisha, nami nikikanyaga kidogo napumzika, nikikanyaga kidogo napumzika, nikajifanya nasoma mshono.

"Mama, hiyo miguu," binti yangu alisema.

"Ni joto."

"Mama, na kukohoa?"

"Vumbi la kitambaa."

"Na usiku unavyohema? Nakusikia ukutani."

"Naomba dua."

Akaninyamazia. Kitinda mimba wangu akininyamazia ni mbaya zaidi kuliko akinijibu, lakini nilijitia hamnazo. Nilimwona ananitazama huku anatia vifungo bila kuangalia sindano, na hilo mimi ndiye niliyemfundisha.

Siku nesi alipopiga, nilikuwa nimekaa kwenye kiti cha cherehani, lundo la sketi mapajani, sijakanyaga chochote kwa muda mrefu.

"Shikamoo Mama. Habari za leo?"

"Marahaba... mwanangu. Nzuri... tu."

Nesi akaacha maswali yake ya kawaida.

"Mama, umetoka kukimbia?"

"Hapana. Nimekaa."

"Umekaa? Basi hebu nisomee namba kwa pumzi moja. Anza moja, nenda mpaka utakapoishia."

Sasa mimi nilijisikia vibaya rohoni. Nihesabu moja mbili tatu kama mtoto wa chekechea? Mtu niliyemaliza shule? Nikasema nitamwonyesha mimi ni nani.

"Nitakusomea... jedwali la saba," nikamwambia. "Saba mara moja, saba. Saba mara mbili... kumi na nne. Saba mara... saba mara tatu..."

Na hapo pumzi ikaisha. Mdomo upo wazi, jibu ninaliona kabisa mbele yangu, limeandikwa ubaoni kwa chaki, lakini hewa ya kulitoa sina.

"Ishirini na moja," binti yangu akasema kutoka pembeni, kwa upole.

"Na... najua!" Nikampigia kelele. Yaani nilikuwa nazama, na nilichoona cha kutetea ni hesabu.

Nesi akasema, "Mama, sikupimi hesabu, nakupima pumzi. Nani yuko na wewe hapo?"

Binti yangu alikuwa ameshaichukua simu mkononi mwangu. "Nesi, mimi ni mwanawe. Mama yangu muongo. Miguu yake imekuwa kama magogo, analala amekaa, na mizani anaipima ameegemea meza." Alisema yote kwa mkupuo, pumzi moja, kwa raha kabisa. Nikamwonea wivu hizo pumzi.

Nesi akasema, "Mleteni sasa hivi." Teksi ikaitwa. Niliondoka dukani nimeshikiliwa huku na huku, na bado nikageuka mlangoni kusema marinda ya juu yasikunjwe.

Walinilaza, wakanichoma sindano ya kutoa maji, na nikaanza safari za msalani mpaka nesi wa wodini akaacha kuuliza naenda wapi. Hewa wakanipa kwa mrija puani. Pumzi iliporudi, aibu nayo ikarudi, maana ilikuwa imekaa nje inasubiri nafasi. Niliogopa. Sitaki kuifanyia mzaha sehemu hiyo. Nilikuwa nimetazama dari la wodi nikimfikiria binti yangu akifungua duka peke yake, na lundo lile la sketi, na kiti changu.

Daktari wa moyo akaja na kifaa mkononi kama kinyozi na mashine yake, akakiweka juu ya kile kidude changu, akatazama kioo.

"Mama Fundi, hii mashine hata ikiwa imelala inaandika. Inaandika unavyotembea na unavyolala. Inasema una muda mrefu unalala umekaa."

"Umbea," nikasema.

"Na kila wiki umemwambia nesi unalala kama mtoto."

"Mtoto naye hukesha, daktari."

Hakucheka. Akavuta kiti karibu kama siku ile ya kwanza, akakaa. Uso wake haukuwa wa hasira, na ningependa ungekuwa wa hasira.

"Kwa maneno yako na uzito uliousoma, mimi nilikupunguzia vidonge. Nilidhani unakauka. Kumbe unazama, na mimi ndiye niliyefungulia bomba. Mama, sisi tulikuomba habari. Wewe ukatupa salamu."

Nikatazama shati lake. Ndilo lilelile, na uzi wa bluu ulikuwepo. Safari hii nililazimisha macho yakae usoni pake, na ninawaambia ilikuwa kazi.

"Daktari, naomba nikuulize. Mtaizima lini?"

"Kuzima nini?"

Nikamweleza: rimoti, shemeji, na kwamba nilikuwa nikisema nzuri ili watu wasife. Nilipokuwa nayasema ndani ya kichwa yalikuwa na uzito. Nilipoyatoa nje, mbele ya mtu aliyesoma, na nesi amesimama pembeni anauma mdomo, yalisikika vile yalivyo. Lakini daktari hakunidharau. Akaeleza tena ile sehemu niliyokuwa kwenye kifungo. Mashine haisukumi moyo. Moyo unajipigia wenyewe, mashine inaunong'oneza tu utulie, na nusu ya mashine zote hata kunong'ona hazinong'oni. Utafiti ukiisha, kila mtu ataulizwa: atakayetaka kubaki nayo atabaki nayo, atakayetaka itolewe itatolewa. Ikizimwa, moyo unaendelea kama ulivyokuwa.

"Na ukitaka kujitoa hata leo, jitoe," alisema. "Matibabu yako hayapungui, na hakuna atakayekununia. Nakuomba ufikirie tu. Kama utabaki, kuna watu hujawahi kuwaona watakaowekewa mashine hii, au kunyimwa, kwa sababu ya ulichotuambia wewe."

Akaniachia hilo, akaenda kwa mgonjwa mwingine.

Mchana wa kutembelea wagonjwa, nani aje kama si Redio. Aliingia wodini anahema kuliko mimi, ameshika mfuko wa matunda kwa mkono mmoja, na mkono wa pili kiunoni.

"Mama Fundi! Nimesikia umekufa!"

"Nani kasema?"

"Watu. Lakini nimefurahi ni uongo." Akatafuta pa kukaa, akaahirisha, akabaki amesimama. Ndipo nikaona kiuno. Ile sketi aliyoisahau dukani miezi yote, akaifuata juzi kwa binti yangu, haikufunga. Kifungo kilikuwa upande huu na tundu lake upande ule, katikati kuna pini kubwa, na pini yenyewe imepinda kwa mateso.

"Unaona ulivyonifanyia?" akasema. "Umenibania! Fundi mzima! Hata kukaa siwezi."

"Nilishona nilichopima," nikamwambia.

Nikajisikia nikilisema. Nikarudisha mfukoni mwake tunda nililokuwa nimelichukua.

Maana niliwahi kumwambia, achia tumbo. Yeye akavuta, mimi nikakata, na mkasi ukishapita umepita. Kosa langu liko wapi? Nimepewa kiuno cha uongo, nimeshona sketi ya uongo, iliyoshonwa vizuri kabisa, marinda yamenyooka, haimwingii mtu yeyote duniani. Na daktari wangu je? Nilimvutia tumbo ndani miezi yote ile, nimeegemea meza, naye maskini akakata dawa kwa kipimo nilichompa. Tena si kwangu peke yangu. Na kwa wale nisiowajua nao: nguo ni ya watu wengi, kiuno kilichopimwa ni changu.

"Redio," nikasema, "lete sketi wiki ijayo niitanue tena. Lakini siku hiyo utapumua."

"Kwani mimi huwa sipumui?"

"Na ile habari ya rimoti ni uongo. Nimemuuliza daktari mwenyewe."

Akafikiri kidogo. "Aisee. Basi ngoja nikawaambie watu." Na kwa mara ya kwanza nilimtakia mguu mwepesi.

Nesi wa utafiti alipokuja nikamwambia nabaki kwenye utafiti, ila yale yote niliyowaambia nyuma wayafumue. Akasema hayafumuliwi kama mshono, wataandika pembeni kwamba hayaaminiki. Hayaaminiki! Jina langu na neno hilo mstari mmoja. Nikasema sawa, andika.

Kliniki iliyofuata nilimtafuta Malalamiko kwenye benchi, nikamwamkia kwa unyenyekevu ambao nadhani ulimtisha.

"Mzee wangu, nifundishe."

"Nikufundishe nini?"

"Kulalamika."

Aliniangalia kama mtu aliyesubiri maisha yake yote kuulizwa swali hilo. "Kwanza usianze na pole," akasema. "Watu wa adabu mnaanza na samahani kwa usumbufu, mkimaliza samahani nesi ameshakata simu. Anza na chini. Vidole. Halafu panda."

"Na nikifika pasipouma?"

"Papite. Usitie chumvi, wataonja. Haya, jaribu. Habari za leo?"

"Nzuri," mdomo ukajibu.

"Hujambo kabisa wewe," akasema kwa huzuni. "Anza tena."

Nesi alipopiga wiki ile, nilikuwa nimesimama katikati ya chumba, mbali na meza, binti yangu amekaa mbele yangu kama mkaguzi, amekunja mikono.

"Shikamoo Mama. Habari za leo?"

"Marahaba. Nzuri," nikasema. Binti yangu akakohoa. "Ngoja nesi, hiyo ilikuwa salamu. Sasa nakupa habari. Vidole vya miguu ni vyembamba. Kifundo cha kulia kimejaa kidogo jioni. Mito nalalia miwili. Jana nilipookota pini niliona kizunguzungu, kikapita. Uzito nimeupata nimesimama peke yangu, na umepanda kidogo kuliko juzi."

Nikaogopa nimevunja kitu.

"Asante Mama," nesi akasema, na sauti yake ilibadilika. "Subiri kwenye simu nimwambie daktari."

Nilisubiri. Daktari akaongeza kidonge siku ileile, na kesho yake kifundo kikashuka. Ndivyo ilivyo rahisi. Mashine yangu kama iko macho au imelala, mpaka leo sijui. Binti yangu anasema kama imefanana na yeye, iko macho inasikiliza ukutani.

Kifungo cha daktari nilikishona, kwa uzi mweupe, akiwa amevaa shati lake. Nilimwomba kwanza amalize kueleza.

Kwa hiyo wewe utakayeitwa kama nilivyoitwa, mambo ya kuepuka ni haya:

Usimjibu nesi kama unavyomjibu jirani njiani. Itikia salamu, halafu toa habari.

Usishike meza, ukuta wala mtu ukiwa juu ya mizani.

Usitazame shati la daktari anapoeleza. Ukipotea njiani, mwambie arudi nyuma.

Usikubali kuwekewa kabla hujauliza mwisho itakuwaje.

Usiuweke uvumi moyoni, moyo wenyewe mgonjwa. Upeleke kliniki kama ulivyo, hata kama utachekwa.

Usimeze nusu ya dawa kimyakimya wakati miguu inajaa.

Usibebe wagonjwa wenzako wote mgongoni. Hawajakuomba.

Usimcheke anayelalamika.

Usimfiche anayelala chumba cha pili. Anasikia.

Usivute tumbo ndani.